Miche ya Mizani

9 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ina malalamiko marefu. Mimi ni mzima, tatizo langu ni vumbi tu. Vumbi la huku halina adabu, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo. Mama anaendeleaje na magoti? Mwambie ile dawa ya kuchua nimeipata, nitamtumia kwa dereva ninayemwamini. Na wewe, huko kiwandani viatu bado vinashonwa?

Sasa nisikilize. Tangu kaka yako atutoke na mimi nikaomba uhamisho, huu ni mwaka wa tatu niko huku kwenye mizani ya malori, na hakuna mti hata mmoja wa kusimama chini yake. Lori likizidisha uzito linawekwa pembeni mpaka mzigo upunguzwe, na madereva wanalala chini ya magari yao kama kuku wakati wa jua kali. Mkuu wa kituo akanipa kiwanja cha nyuma ya ofisi. Akasema, "Panda unachotaka, mradi kisizuie magari."

Nikaletewa kitabu cha picha cha kitalu kimoja cha huko mjini kwenu. Wanauza miche kwa posta: unachagua kwenye picha, unatuma pesa, sanduku linakufuata. Na hizo picha, wifi, zabibu zinang'aa utadhani zimepakwa mafuta. Nikaagiza mizabibu ya kupandisha kwenye chanja ituletee kivuli, mikomamanga, mindimu, na miwaridi kwa ajili ya roho yangu.

Sanduku lilipofika, fundi wa mizani alikuwa hapa kukagua vyuma vyake, akanisaidia kulifungua kwa koleo. Harufu iliyotoka ilimrudisha nyuma. Mizabibu ilikuwa imebanwa ndani ya mfuko wa plastiki, imeoza kama mchicha wa juzi. Mikomamanga imekauka, mizizi mitupu bila chembe ya udongo, ukiigusa inavunjika kama tambi mbichi. Miwaridi imebaki miiba. Mindimu ilikuwa na uhai kidogo, lakini nilipotafuna jani sikusikia ndimu yoyote. Fundi naye akatafuna, akafikiri, akaniambia, "Dada, huu ni mti tu."

Nimewaandikia. Wamenijibu kwa upole sana na hakuna kilichofanyika. Kitalu kiko nyuma ya stesheni ya treni. Siku yako ya mapumziko nipitie hapo uwaulize. Mimi ni mtu wa kunung'unika chini chini. Wewe una mdomo.

Wifi yako


3 Machi

Wifi,

Barua yako niliifungulia nje nikaikung'uta, maana kweli ulinitumia na vumbi. Sisi wazima. Mama anasema dawa isije peke yake, aliyeinunua aje nayo. Magoti yanamsumbua asubuhi tu. Jioni anasahau kwamba anaumwa, anamfukuza paka wa jirani mpaka barabarani. Kiwandani mambo ni yale yale.

Kitalu nilikwenda Jumanne. Nilidhani nitakuta kibanda cha tapeli, nikakuta bustani ambayo ukiingia unapunguza sauti bila kuambiwa. Mwenyewe ni mwanamke mnene anayevaa mabuti ya mpira mchana kutwa, wafanyakazi wanamwita Mama Buti. Nikamwambia, "Nimekuja kwa niaba ya wifi yangu uliyemuuzia maiti."

Hakukasirika. Akasema, "Mche ukitoka hapa ni mzima."

"Bibi harusi naye akitoka saluni ni mzuri. Tuambie anavyofika."

Akanipeleka kwenye chumba wanakofungia. Wifi, nilitamani kulia. Hakuna mfungaji maalumu. Anayepita anafunga. Mmoja alikuwa anakanyaga sanduku kwa goti ili lifunge, na ndani mna maua. Vibandiko vya majina vimelowa, wino umeyeyuka, mtu anasoma kwa kubahatisha. Hivyo ndivyo ndimu yako ilivyogeuka kuwa mti tu. Nilisema yote niliyokuwa nayo moyoni, na mengine nikayatunga palepale. Mama Buti alinisikiliza mpaka mwisho huku anafuta mikono kwenye aproni, akaahidi kukutumia mingine bila malipo. Nilibaki pale mpaka nilipoona sanduku lako linafungwa, na nilitia mkono kidogo.

Msalimie huyo fundi mla majani.

Wifi yako


30 Machi

Wifi yangu,

Nawasalimu wewe na Mama, na paka wa jirani pia, maskini. Huku mkuu wa kituo amepata mjukuu wa kwanza, anaonyesha picha kwa kila dereva, foleni ya malori imekuwa ndefu mara mbili.

Sanduku limefika. Safari hii halikunuka. Mizizi ilikuwa imezungushiwa magazeti yenye unyevu, na mizabibu yote miwili ina vichipukizi vidogo kama vidole vya mtoto mchanga. Mkomamanga mmoja ulivunjika shina njiani, tumeufunga kitambaa kama mguu, tunauombea. Miwaridi inaelekea kukubali. Fundi alichimba mashimo. Alikuwa amekuja kukagua mizani tena, na kazi yake iliisha mapema. Anachimba shimo kwa kipimo, anaweka rula. Nilimwambia mzabibu hausomi rula. Akasema yeye ndiye anayeisoma, mzabibu usijisumbue.

Jambo moja nataka kukuuliza. Ulikwenda kitaluni Jumanne, ukakaa mpaka sanduku likafungwa. Kiwanda hakifungwi Jumanne. Ulikuwa likizo, au uliugua ukanificha?

Wifi yako


2 Mei

Wifi,

Nisamehe kwa kuchelewa, siku hizi jioni nikifika nyumbani mgongo unaomba godoro. Mama anakusalimu sana. Ameagiza nikuandikie kwamba mkomamanga uliovunjika usiutazame tazame, utaona haya, uache upone wenyewe. Paa la jikoni limezibwa. Binti wa jirani kafaulu mtihani, mtaa mzima umekunywa soda.

Nakutumia sanduku jingine, ni zawadi kutoka kwangu. Mna mindimu ya kweli safari hii, niliitafuna mwenyewe. Mna pia mche wa stafeli ambao hukuuagiza, lakini nimeuona unafanana na wewe: mwembamba, hausemi, lakini hausukumiki.

Na mimi nina swali langu. Hiyo mizani yenu ni mbovu kiasi gani? Maana kila barua fundi amekuja kuikagua. Mizani ya serikali yenye ubovu huo ingefungwa.

Wifi yako


21 Mei

Wifi,

Salamu kwa Mama. Nimefuata maneno yake, mkomamanga nimeugeuzia mgongo na umetoa majani matatu. Mimi sijambo. Mvua ilitupitia ikaanguka kwa wenzetu wa bonde, lakini upepo angalau umepoa.

Sanduku lako lilifika kwa lori la saruji, dereva alilishusha kwa mikono miwili kana kwamba amebeba mayai. Nililiweka mezani nikalitazama kabla ya kulifungua. Lilikuwa limetobolewa matundu ya hewa kwenye pembe. Ndani kila mche umesimama kwenye kijiti chake, hauchezi wala hautikisiki, mizizi imevalishwa gunia lililokatwa na kushonwa. Lile gunia limeshonwa kwa uzi wenye nta. Mshono wa kurudi mara mbili, fundo linafichwa ndani.

Huo ni mshono wa soli ya kiatu. Viatu alivyozikwa navyo kaka yako vilishonwa hivyo, na niliona aliyevishona. Wifi, huo ni mkono wako. Na mtu hashoni magunia yote yale kwa nusu saa ya mapumziko ya mchana.

Kiwanda kimefungwa lini?

Kuhusu mizani, ni chombo cha kuangaliwa mara kwa mara. Tuishie hapo.

Wifi yako


10 Juni

Wifi yangu,

Hapa ni salama. Mama amekula vizuri leo, na amekataa kuvaa miwani mipya kwa sababu inamfanya aone uchafu.

Kiwanda kilifungwa kabla ya mwaka mpya. Walitukusanya uani, meneja akasoma karatasi bila kuinua macho, tukarudi kuchukua mabegi yetu. Sikukuandikia kwa kuwa ungenitumia mshahara wako, nakujua. Mama naye sikumwambia. Kila asubuhi nilivaa, nikachukua begi, nikatoka. Nilizunguka mji huu mpaka nikaujua kuliko watu wa posta. Nikikaa kwenye benchi la hospitali, nikiulizwa, nasema nasubiri mgonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi mwenyewe.

Barua yako ndiyo iliyonipa mahali pa kwenda. Ile Jumanne, nilipomaliza kumsema Mama Buti, aliniambia, "Mdomo nimeusikia. Mikono je? Funga wewe." Nikafunga. Akalichukua sanduku akalitupa chini kutoka kifuani, akafungua: hakuna jani lililovunjika. Kesho yake nikarudi bila kuitwa. Sasa chumba cha kufungia ni changu. Nina meza, na wasaidizi wawili wanaoniogopa kidogo. Vibandiko tunaandika kwa kalamu ya risasi, haiyeyuki. Mche tunaunywesha jana yake, siku ya safari haupewi maji mengi, la sivyo unaoza. Mizizi inakaa kwenye makumbi ya nazi yenye unyevu. Nawaambia wasaidizi wangu, mche ubebwe kama mtoto mgongoni: ushikwe, usibanwe. Barua za malalamiko zilikuwa zinajaza droo. Siku hizi zinakuja za shukrani, Mama Buti ananisomea kwa sauti ya redio.

Nilipomweleza Mama, alisema alijua zamani. "Tangu lini viatu vikaleta udongo kwenye kucha?" Na alikuwa amenyamaza siku zote hizo akingoja nimwambie.

Basi mimi nimesema yangu. Sasa zamu yako. Nani huyo fundi?

Wifi yako


28 Juni

Wifi,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na ile habari ya benchi la hospitali nimelia nayo. Usinifiche tena kitu kama hicho. Mshahara wangu nisingeutuma wote. Huku wazima. Mzabibu mmoja umeshika chanja, umejizungusha kwenye waya kama unaogopa kuanguka.

Fundi ni mtu wa makamo. Mkewe alikufa siku nyingi, hawakujaliwa watoto. Hana maneno mengi. Anakuja na kopo la chai, anamwagilia bila kuombwa, anaulizia hali ya mche mmoja mmoja kama muuguzi. Mwezi uliopita, tukiwa tunafunga waya za chanja, aliniuliza kama ningekubali kuolewa naye. Aliuliza huku ameshika waya, akaendelea kuushika mpaka ukamkata kidole.

Sijamjibu.

Wifi, wazazi wangu hawapo. Nyumba pekee ninayoita kwetu ni yenu. Kaka yako hakuniacha na mtoto wa kunishikilia hapo. Kilichobaki ni jina hili unaloniita, na jina hilo linatokana na yeye. Nikisema ndiyo kwa mwanaume mwingine, nitakuwa nani kwenu? Nitakuwa mwanamke aliyewahi kuishi hapo. Mama atanitazamaje? Hili ndilo linaloniziba mdomo, si fundi.

Barua hii usimsomee Mama.

Wifi yako


15 Agosti

Wifi,

Natumaini nyote wazima. Huku hatujambo.

Sanduku jingine ulilonitumia limefika jana. Mkunazi ni mzima, maua ni mazima, hakuna jani lililovunjika, hakuna hata kibandiko kilichofutika. Nilitoa kila kitu, nikapekua makumbi mpaka chini, nikakung'uta magunia. Hamkuwa na barua.

Nilikuandikia mwezi wa sita, sasa tuko wa nane. Nimeelewa. Sikulaumu, wala simlaumu Mama. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyajibu kwa maneno. Fundi nimemwambia anipe nafasi, asije mpaka nimwite, na amekuwa muungwana, haji. Ila wiki iliyopita mizani ilikaguliwa na mtu mwingine, kijana anayetafuna bazoka, na nilikwenda chooni nikafunga mlango nikakaa humo kwa muda.

Miche naimwagilia mwenyewe. Asante kwa yote.

Wifi yako


1 Septemba

Wifi yangu, usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Sisi wazima, na nitakueleza yote jinsi yalivyokuwa.

Barua yako ya Juni ilifika nikiwa kazini. Mama aliipokea, na nilipofika alikuwa ameishika mapajani. "Soma." Nikaisoma kimya. "Kwa sauti." Nikajaribu kuruka ruka, lakini mama yangu kanizaa mimi, anajua sauti yangu ikiruka. Nikasoma yote, mpaka pale uliposema asisomewe.

Hakusema kitu. Kesho yake hakusema, na keshokutwa hakusema. Alilala akitazama ukuta, paka akaingia mpaka jikoni akala anavyotaka. Nilidhani tumemuua. Halafu asubuhi moja akaniita, akasema, "Mwanangu nilimzika mimi. Mke wake sikumzika naye." Akaomba maji. Alipomaliza kunywa akasema, "Anayemtaka huyo mtoto aje aniambie mimi. Na wewe usimwandikie neno mpaka nimemwona huyo mtu kwa macho yangu." Na unajua amri za Mama. Lile sanduku nililifunga huku vidole vinawasha kuandika.

Nikamwandikia fundi kwa anwani ya ofisi ya vipimo, barua ikamngoja huko wiki nyingi, maana yeye huzunguka vituoni. Alikuja juzi Jumamosi, na basi la usiku, amenyoa, shati lina mikunjo ya pasi. Mama alikuwa amevaa miwani mipya, kwa ajili yake tu. Hakumpa chai kwanza.

"Kazi yako nini?"

"Nakagua mizani, Mama."

"Kwa hiyo unaishi kwa kutafuta makosa."

"Hapana, Mama. Nikikuta iko sawa nafurahi, narudi nyumbani mapema."

"Ile ya kwao mbona hukuwa unarudi mapema?"

Akatazama chini. "Ile iko sawa tangu mwaka jana."

Nilikwenda dirishani nikajifanya nafunga pazia. Mama hakucheka, lakini nilimwona anauma mdomo. Akamwambia, "Huyo unayemtaka hakuzaa hapa kwangu. Umelisikia hilo?"

"Nimelisikia. Sikuja kuomba mtoto."

"Umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kumwomba mke wa marehemu mwanao."

"Huyo simjui," Mama akasema. "Mwanangu amekwenda, na mke wake alikwisha siku ile. Mimi hapa nina mabinti wawili. Mmoja anafunga miche, mmoja anapima malori. Sasa sema vizuri, unamtaka nani?"

Yule bwana aliinua macho, akamtazama Mama usoni. Halafu akasema, "Namtaka binti yako mdogo."

"Sasa umesema," Mama akajibu, akanigeukia. "Mletee mgeni chai."

Wifi, alikunywa vikombe vitatu. Alipoondoka Mama alimsindikiza mpaka barabarani bila fimbo. Anasema uje kabla ya mvua, mje pamoja, na ujibu mwenyewe mbele yake, kwa kuwa yeye ametoa ruhusa tu, jibu ni lako. Kama hutaki, sema hutaki, na njoo hivyo hivyo. Kitanda chako nimekitandika.

Wako


12 Septemba

Dada,

Mimi mzima. Nawasalimu.

Barua yako ililetwa nikiwa dirishani kwenye zamu, malori yamejipanga mpaka kwenye mteremko. Nilijiambia nitaifungua jioni. Sikuweza. Niliisoma na lori la mahindi limesimama juu ya mizani, na nilipofika pale Mama alipomsahihisha fundi, machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Dereva aliona, akazima injini, akachungulia dirishani amejaa hofu.

"Bosi, nimezidisha kiasi gani?"

Nikamwambia mzigo wake uko sawa, apite. Hakuamini, aliuliza tena.

Nitakuja. Tutakuja wawili. Nimemwita jana, na amekuja na koleo, hana kisingizio chochote cha kuja na koleo. Mwambie Mama jibu langu nitalisema mbele yake kama alivyotaka, lakini wewe nakuambia sasa: ni ndiyo.

Mdogo wako